Siku tano Aigues-Mortes, mji wa Maji Mafu

Siku ya kwanza, 15 Agosti

Nianze na kosa letu. Tulisahau kwamba 15 Agosti Ufaransa ni sikukuu, Bikira Maria kupalizwa mbinguni, na siku kama hiyo treni zinapungua ka daladala za usiku wa Jumapili, sa sisi tukatoka Marseille asubuhi tunajiona wajanja kumbe treni ya kutoka Nîmes kwenda huko tunakokwenda ishaondoka na nyingine mpaka mchana. Mwenyeji wangu ni Mngazija, kaishi Marseille miaka mingi, Kiswahili kakipata Unguja alikosoma zamani kwahiyo kinatoka safi kuliko changu mie mtu wa Bagamoyo, ila akikasirika anahamia Kingazija na hapo naambulia neno moja moja tu. Pale stesheni ya Nîmes alihamia Kingazija.

Tukazunguka zunguka ule uwanja wa Warumi, duara la mawe la karibu miaka elfu mbili na bado wanafanyia matamasha ndani. Zuri, lakini safari haikuwa ya Nîmes, tuendelee.

Treni ya Aigues-Mortes ni ya kishamba shamba, mabehewa machache, inateremka kusini kama dakika arobaini. Mwanzo ni mizabibu mpaka unachoka, halafu ardhi inaanza kulala. Kilima hamna, bonde hamna, ni matete na madimbwi na farasi weupe wamesimama ndani ya maji mpaka magotini wanakula zao, na yangeyange wapo, hawa hawa wa kwetu wanaofuata ng'ombe, nikajikuta nacheka peke yangu dirishani. Mi nikaitambua ile ardhi kabla sijaambiwa kitu. Ni wangwa. Wangwa kubwa isiyo na mikoko, na ile rangi yake ya kijivu inayong'aa jua likipiga, na zile nyasi nene za chumvi ukizitafuna zinakata ulimi.

Alafu ghafla ukuta. Hakuna kupanda wala kukata kona, upo tu katikati ya tambarare, boksi la mawe na mji mzima umewekwa ndani yake, pembeni mnara mnene wa duara umesimama peke yake ka umegombana na wenzie. Stesheni iko nje, unavuka mfereji ndo unaingia kwa lango la kaskazini, Porte de la Gardette. Kabla ya kuingia nikasimama kupiga picha nikagundua haiingii kwenye simu, ukirudi nyuma upate ukuta wote unadumbukia mferejini.

Jina la mji ni la Kioksitani, lugha ya zamani ya huku kusini, Aigas Mòrtas, maji mafu, yaani maji yaliyotuama. Wakazi ni elfu nane na ushee, na wengi wanaishi nje ya ukuta. Ndani barabara zimenyooka zinakatana ka mistari ya daftari la hesabu, kila kona duka la sabuni, la kofia, la chumvi. Watalii ni wengi kupita maelezo. Tukala mkate wao unaitwa fougasse, Mngazija akaniambia huku fougasse ni ya sukari, siagi na maji ya maua ya mchungwa, usiifananishe na ya chumvi ya kule Marseille. Laini, ya moto, harufu ka visheti vya Idi. Nikala kimoja nikarudi dukani.

Usiku mbu. Dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, neti hamna, mwenye nyumba katuachia kidude cha kuchomeka kwenye umeme na hakikufanya kazi yoyote. Nimetoka nchi ya mbu nimekuja kuliwa na mbu Ulaya aisee.

Siku ya pili, 16 Agosti

Tumeamka mapema kulikwepa jua na watu. Tiketi unakata pale mnarani, unapanda mnara kwanza kisha unazunguka ukuta mzima kwa juu, mita 1,600 na kitu, polepole ni saa nzima na kivuli hamna, beba maji.

Stori yenyewe ni hivi. Miaka ya 1240 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 9, anataka kwenda vita vya msalaba na hana bandari yake ya maana kwenye Mediterania. Unaweza kushangaa lakini ndo hali ilivyokuwa, Marseille ilikuwa ya Provence, Montpellier ilikuwa mikononi mwa mfalme wa Aragon, yeye kabakiwa na kipande cha pwani ambacho ni tope. Na hata hilo tope lilikuwa la watawa wa abasia ya Psalmodi, ikabidi wapatane wampe ardhi. Akajenga kwanza mnara, huu wa Constance, kuta zake unene wa mita 6, juu wakaweka kitundu cha chuma cha kuwashia moto meli zione usiku. Shida ikabaki watu. Nani ahamie kwenye mbu na homa? Maana malaria ilikuwepo huku kwenye vinamasi vya Camargue, tusidhani ni yetu peke yetu. Kwahiyo mwaka 1246 mfalme akatoa waraka, atakayekuja kukaa Aigues-Mortes anasamehewa kodi na ushuru kibao. Mngazija akasema, "Kumbe Dubai waliiga hapa." Mi baada ya usiku wa jana nikasema hata kodi ingekuwa sifuri mpaka kiyama nisingekuja.

Mfalme akang'oa nanga 25 Agosti 1248, na mkewe Marguerite wa Provence kafuatana nae. Wakaiteka Damietta kule Misri, kisha mwaka 1250 mambo yakageuka, mfalme mzima mzima akakamatwa mateka, wakamkomboa kwa pesa nyingi mno. Mkewe akajifungulia humo humo Damietta kwenye balaa, mtoto wakamwita Jean Tristan, hilo Tristan ni kwa ajili ya huzuni. Mwaka 1270 mfalme akaondoka tena, bandari hii hii, safari hii akaelekea Tunis, maradhi yakaingia kambini, yule mtoto wa Damietta akafa na baba akamfuata tarehe 25 Agosti, siku ile ile ya mwaka aliyoondokea mara ya kwanza. 1297 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Sanamu yake iko katikati ya uwanja wa mji, wanaiita Saint Louis, watoto wanakula aiskrimu miguuni pake.

Ukuta wenyewe hakuuona. Mwanae Philippe wa 3 ndo aliuanza mwaka 1272 na ukaja kumalizika karibu na 1300, kizazi kimoja tu kabla Husuni Kubwa haijajengwa Kilwa, nikawa napiga hesabu hizo kichwani natembea.

Sasa kuna kitu nilikuja nacho kichwani na sio mimi tu, kila mtu anasema hivo, kwamba zamani bahari ilifika mpaka ukutani ikarudi nyuma kilomita sita hivi. Mngazija nae aliniambia hivo hivo kwenye treni. Si kweli! Mji huu haujawahi kukaa kwenye bahari ya wazi. Meli zilipita kwenye mifereji na wangwa, zikizunguka kwa taabu mpaka kufika upande wa kusini, ndo maana kusini malango yapo mengi mengi na moja linaitwa Porte de l'Organeau kwa sababu ya pete kubwa ya chuma ya kufungia meli. Bahari ipo palepale ilipokuwa. Kilichokufa ni njia. Mto Rhône na vijito vyake vinashusha mchanga na tope kila mwaka, unachimba leo kesho umejaa, wafalme walichimba mpaka wakachoka. Halafu mwaka 1481 Provence ikaingia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa pamoja na Marseille yake, bandari yenye kina, mwamba, bila tope. Nani atahangaika tena na Maji Mafu?

Hii mi naielewa bila kufundishwa. Bagamoyo ilikuwa makao ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar kwa sababu hiyo hiyo ya bandari, sisi tukabaki na ufukwe ambao maji yakitoka jahazi linalala ubavu kwenye mchanga, na nyumba nzuri za mawe za kuoneshea wageni. Nilivyosimama pale juu kwenye ukuta naangalia kusini, nyasi na vidimbwi mpaka mwisho wa macho, nikasema hapa nipo nyumbani kabisa.

Ndani ya mnara sasa. Nilitaka nipite haraka maana kulikuwa na foleni nyuma yetu, nikakwama. Ghorofa ya juu ni chumba kimoja cha duara, giza giza, mwanga unaingia kwa vitundu vyembamba vya kupigia mishale, na katikati ya sakafu kuna tundu limezungushiwa ukingo wa mawe, linaangalia chumba cha chini. Kwenye ule ukingo, chini ya kioo, kuna herufi zimekwanguliwa. Hazijapangwa vizuri, zingine kubwa zingine ndogo, jiwe limesuguliwa na mikono. Ukisoma inaonekana REGISTER, ni ile RÉSISTER ilivyotamkwa na watu wa milima ya kwao. Maana yake msikubali. Goma. Kaza.

Mwaka 1685 Louis wa 14 alifuta sheria iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, mnara ukageuka jela yao. Wanaume walifungwa humu, mwaka 1705 mmoja wa wapiganaji wa Kiprotestanti wa milima ya Cévennes, Abraham Mazel, aling'oa jiwe kwenye kitundu akateremka kwa mashuka yaliyofungwa kamba, yeye na wenzie 16. Baada ya hapo ikawa jela ya wanawake zaidi. Marie Durand aliletwa 1730, binti wa miaka 19 kutoka Vivarais, kosa lake kubwa ni kwamba kaka yake Pierre alikuwa mchungaji. Huyo kaka walimnyonga Montpellier mwaka 1732. Marie akakaa humu miaka 38. Thelathini na nane! Na siku yoyote, asubuhi yoyote, angeweza kutoka, alichotakiwa ni kusema tu nimeiacha dini yangu, neno moja kwa Kifaransa, mlango unafunguliwa. Hakulisema. Aliandika barua nyingi kuomba mablanketi na chakula kwa wenzie, akawafundisha kusoma, akatoka 1768 baada ya gavana wa Languedoc, Prince de Beauvau, kuingia mwenyewe mule ndani na kuona wale wanawake wazee. Zile herufi wanasema ni zake. Alifia kwao 1776.

Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja wa Kifaransa na binti yake mdogo, binti akamuuliza choo chao kilikuwa wapi, mama hakuwa na jibu. Mi pia nilikuwa nawaza hilo hilo.

Juu kabisa ya mnara upepo, na ndo nikaona kwa mara ya kwanza maji ya rangi ya pinki. Na nyuma yake vilima vyeupe pee. Huko tunaenda kesho.

Siku ya tatu, 17 Agosti

Chumvi. Hii ndo siku niliyoijia.

Nieleze. Baba yangu alifanya kazi majaruba ya Nunge pale Bagamoyo, mimi nimekua najua chumvi kabla ya kujua kusoma, najua nyayo zinavyopasuka, najua maji yakishakolea yanakuwa mazito mkononi ka mafuta. Kwahiyo pale kwenye ziara ya kitreni cha watalii nilikuwa nimekaa mbele naangalia kila kitu ka mkaguzi. Dada aliyekuwa anatuongoza nadhani alichoka na maswali yangu, yote kupitia mkalimani Mngazija ambaye mwishoni akawa ananijibu mwenyewe bila kuuliza.

Jambo la kwanza lililonishangaza, huku hakuna bamvua. Mediterania haina kupwa na kujaa kwa maana, maji yanapanda kidogo tu huwezi hata kuona. Kwetu unasubiri bamvua, bahari inakuja yenyewe mpaka mlangoni inajaza unafunga. Hawa inabidi wavute maji kwa pampu kuanzia majira ya machipuko, wayatembeze jaruba hadi jaruba kilomita kwa kilomita, jua na upepo vinayala njiani. Yanaingia yana chumvi gramu 30 na kitu kwa lita, yakifika kama 260 chumvi inaanza kukamata chini. Mwisho wa Agosti na Septemba mashine zinapita zinakwangua lile tabaka ka mtu anavyokwangua ukoko wa wali. Mwezi wa nane mvua ikinyesha hapa watu wanalia, hilo ni sawasawa na kwetu.

Zile rangi za pinki ni mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, Dunaliella salina, unapenda maji makali na ukizidiwa na chumvi unajitengenezea rangi nyekundu ya kujikinga. Unaliwa na vidudu vidogo vya jamii ya kamba, artemia, navyo vinaliwa na heroe ndo heroe wakawa pinki. Niliwaona, kundi kubwa limesimama kwenye jaruba vichwa chini, wakubwa kuliko wale wadogo wanaozaliana Ziwa Natron lakini kelele zile zile za bata mwenye mafua.

Vile vilima vyeupe wanaviita camelles, ngamia. Tukaruhusiwa kupanda kimoja. Kwa mbali unadhani kitateleza ka mchanga, kumbe kimeganda kigumu ka saruji, ukanyage kinalia kwa sauti kavu. Nikainama nikachukua punje nikaweka mdomoni, dada ananiangalia. Chungu kidogo mwishoni. Ya Nunge ndo chungu zaidi, nakubali, hii imeoshwa.

Ua la chumvi wanalitoa kwa mkono mpaka leo. Ni ule utando mwembamba unaoelea juu ya maji upepo ukitulia, ukipiga upepo unazama umeukosa. Baba alikuwa anautoa ule utando kwa kiganja anautupa kando, anasema unaziba. Anautupa! Kikopo kidogo cha huo utando dukani kinauzwa bei ya kilo moja na nusu ya nyama buchani kwetu.

Mpaka hapo ilikuwa raha. Wakati tunarudi Mngazija akaniuliza, unajua leo tarehe ngapi? Nikamwambia 17. Akaniambia basi ni leo na jana.

Agosti 1893 kampuni ya chumvi iliita vibarua wa mavuno, mamia, na ilichanganya Wafaransa na Waitaliano kwenye makundi, kazi ya kipimo, unalipwa kwa toroli ulizosukuma. Mimi nimeona kazi ya toroli ya chumvi, kwenye ubao mwembamba, jua la kichwani, maji ya kunywa ya kugombea. Mchanganye mzoefu na asiye mzoefu kwenye kundi moja malipo yakiwa ya kipimo, mgomvi hakosekani. Na ilikuwa kipindi kibaya cha uchumi, magazeti na wanasiasa kila siku Waitaliano wanatuchukulia kazi, Waitaliano wanashusha mishahara. Tarehe 16 asubuhi wakagombana majarubani. Mtu akakimbilia mjini akasema Waitaliano wameua watu wa hapa. Uongo, hakuna mwenyeji aliyekufa. Lakini mji ukatoka na marungu, mauma, na bunduki. Waitaliano wengine walijifungia kwenye duka la mkate hapo ndani ya ukuta, mwenye duka akawakatalia watu mlango. Siku ya pili, 17, askari walikuwa wanawasindikiza kuwapeleka stesheni wapande treni waondoke, kundi likawafuata njiani kuzunguka ukuta na wakapigwa mpaka kufa mbele ya hao askari. Hesabu rasmi ni 8, na majeruhi makumi, kwao Italia magazeti yaliandika namba kubwa mara nyingi zaidi ya hiyo. Rome watu walivamia ubalozi wa Ufaransa, nchi mbili zikawa karibu kupigana. Meya wa hapa akajiuzulu. Kesi ikapelekwa Angoulême, mbali huko magharibi, na mwisho wa Desemba washtakiwa wote wakaachiwa. Wote.

Hiyo stesheni ni njia tuliyopita siku ya kwanza tukitafuna ubuyu.

Mngazija hakuongea kitu muda mrefu. Halafu akasema Marseille pia, 1881, Waitaliano walipigwa mitaani hivyo hivyo, na sasa wajukuu zao ndo wenye maduka jirani na kwake, mmoja kila siku anamwambia nyie Wakomoro mmezidi. "Namjibu, babu yako nae walimwambia amezidi." Anacheka akisema hivyo, ila alicheka kidogo.

Jioni tukapita kwenye mnara wa kona ya kusini magharibi, unaitwa mnara wa Waburgundi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1421 askari wa Burgundy walioushika mji walichinjwa usiku, maiti zikawa nyingi kuliko makaburi, wakazitupa humo na kuzimwagia chumvi zisioze. Mwongozaji wa kundi lililokuwa mbele yetu aliisimulia ka kichekesho na watu wakacheka. Tulikuwa tumeshashiba stori za maiti, tukaenda kulala.

Siku ya nne, 18 Agosti

Leo baiskeli. Asubuhi kaskazini, kilomita kama tatu mpaka Tour Carbonnière, mnara wa peke yake katikati ya vinamasi. Zamani njia ya nchi kavu ya kuingia mjini ilikuwa hii moja tu, tuta la udongo kwenye matete, na njia ilipita ndani ya tumbo la mnara kwahiyo ukiwa na mzigo huna pa kukwepea ushuru. Kizuizi cha mazao kabisa, kasoro kamba na afisa. Juu unaona Camargue yote, matete, ng'ombe weusi wenye pembe za kinubi, na Aigues-Mortes kwa mbali ka kijisanduku.

Mchana tukafuata mfereji kwenda kusini, kilomita sita, Le Grau-du-Roi, mji wa wavuvi ambao sasa ni wa miavuli ya ufukweni. Ukiangalia magharibi unaona maghorofa yamejengwa ka piramidi, La Grande-Motte. Miaka ya 1960 serikali iliamua kugeuza pwani hii yote iwe ya utalii, na ili watalii wakae ikabidi kwanza wapambane na mbu kwa miaka. Naripoti kutokea uwanja wa mapambano kwamba mbu wapo.

Jioni uwanja wa ng'ombe, course camarguaise. Nilienda na moyo mzito nikidhani nitaona ng'ombe akichomwa mikuki, si ndo zao huku. Kumbe huu mchezo mwingine. Ng'ombe hauawi wala hachomwi. Anafungiwa vitu pembeni mwa pembe, kitambaa chekundu kidogo, vishada viwili vya sufu nyeupe, na uzi, halafu vijana wamevaa nyeupe tupu wanakimbia mbele ya uso wake wakijaribu kuvinyofoa kwa kitu ka kitana cha chuma walichoshika mkononi. Dakika 15 kisha anaingia ng'ombe mwingine. Kijana akimpita ng'ombe anakimbilia ubao wa uzio anaruka ka paka na ng'ombe mara nyingine anaruka nae, hapo uwanja mzima unasimama. Na kwenye bango jina la ng'ombe limeandikwa kubwa kuliko la mwanadamu. Ng'ombe hodari anastaafu anarudi malishoni, kuna mmoja aliitwa Le Sanglier, alikufa 1933 na ana kaburi lake na jiwe lake mlangoni mwa kijiji cha Le Cailar, kaskazini kidogo ya hapa.

Nikamwambia Mngazija mbona hii ni Pemba? Mchezo wa ng'ombe wa Kengeja, ng'ombe anachezeshwa na kitambaa, akina mama wanaimba, wanaume wanapanda miti, na jioni ng'ombe anarudi kwa mwenyewe mzima, wanasema ni urithi wa Wareno. Kumbe yeye aliwahi kuuona akiwa mwanafunzi, alivuka kutoka Unguja kwa ajili hiyo tu na ng'ombe akamkimbiza mpaka akapanda mnazi akiwa na kanzu. Hiyo stori kaificha miaka yote tunayojuana! Alinisimulia yote mpaka mchezo ukaisha, sikumbuki nani alishinda.

Kurudi usiku tairi langu likapata pancha, kilomita nne tumesukuma kando ya mfereji na mbu wanatusindikiza.

Siku ya tano, 19 Agosti

Fupi hii. Asubuhi tumeingia kanisani, Notre-Dame-des-Sablons, yaani Mama wa Michangani, kongwe kuliko ukuta, ila vioo vyake ni vya 1991, kazi ya msanii Claude Viallat, rangi zimepakwa kwa umbo moja linarudiwa rudiwa ka kanga. Jua la asubuhi linazimwaga zile rangi sakafuni na mzee mmoja alikuwa anafagia katikati yake taratibu.

Nikanunua fougasse mbili za njiani na kile kikopo cha ua la chumvi kwa ajili ya mama. Kwenye treni nikamrekodia sauti nikamweleza kila kitu, mnara, heroe, pampu, na kwamba namletea zawadi ya chumvi, ule utando wa juu aliokuwa anautupa baba.

Jibu limekuja tukiwa tunaingia Nîmes, sekunde kumi na moja, nusu yake kicheko. "We mtoto we. Nauli yote hiyo, Ulaya, unaniletea chumvi mimi? Haya, ulinunua bei gani?"

Nimeandika nikafuta mara tatu. Bado sijamtajia.